Kisu cha ufinyanzi: ununue kipi Kisumu, na kipi ukiache dukani

Anayeanza kufinyanga hutafuta kisu kikali, na hapo ndipo anapopoteza pesa. Udongo wa vyungu vya kuchomwa kwenye moto wa wazi huchanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa ili chungu kisipasuke, na chembe hizo hula makali upesi. Tafuta bapa jembamba lisilopinda ovyo. Nimevipanga kwa kipimo hicho.

Cha kwanza, bila kusita, ni bledi ya haksoo, ule msumeno wa kukatia chuma. Inunue duka la vifaa vya ujenzi, au zunguka soko la Kibuye siku ya Jumapili utafute iliyotumika. Ivunje katikati ukiwa umeifunga kwa kitambaa kizito, kwa sababu zile ngumu hurusha vipande. Mpe fundi wa jua kali akunolee upande usio na meno, na umsimamie: achovye majini kila mara. Chuma kikigeuka buluu kwenye jiwe la kunolea, ugumu wake huenda umepungua. Zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, huo ndio mpini. Mgongo utakata, meno yatachanja chale pale unapounga shikio, na yatakwangua ukuta wa chungu uliobaki mnene. Hushika kutu, kwa hiyo ioshe, ikaushe na uipake tone la mafuta ya kupikia.

Cha pili ni kipande cha mwanzi ulichochonga mwenyewe. Udongo ukiwa bado laini, chuma hung'ang'ania na kuuburuta, lakini mwanzi hupita. Udongo ukishashika, yaani ukianza kukauka na kukaza, mwanzi hauna kazi tena.

Cha tatu, kisu kidogo cha jikoni. Chagua chenye mgongo mwembamba. Mgongo mnene husukuma udongo kama kabari na kuharibu ukingo.

Visu maalumu vya wafinyanzi kutoka ng'ambo nimeviweka cha nne kwa sababu ya bei tu. Ukifanya kazi ya kalibu za plasta, yaani maumbo ya kutilia udongo ili uchukue sura yake, hivyo vinastahili: bapa lake refu hupita kati ya udongo na kalibu.

Kata ya karatasi, ile ya bledi za kukatika, usiilete karibu na udongo. Ncha hukatika, mabaki yanarudishwa kwenye ndoo yakalowekwe, na wiki ijayo kiganja cha mtu kinaikuta wakati wa kukanda. Nasisitiza hili hasa mahali ambapo watoto husaidia kukanda.

Sasa kukata. Kwa udongo uliosukumwa kama chapati, simamisha kisu wima, pita kidogo mara mbili badala ya kukandamiza mara moja. Kusawazisha mdomo wa chungu, subiri udongo ushike, tia kiwiko mbavuni, kisha zungusha chungu, mkono utulie. Vyungu vinavyouzwa Ilesi, barabara ya Kakamega, vitazame midomo yake kabla hujaanza. Jicho likizoea mdomo ulionyooka, mkono hufuata.

Chungu kilichokauka kabisa usikikwangue kwa kisu. Vumbi lake lina silika, nayo huumiza mapafu. Kifute kwa kitambaa kibichi.