Seti ya ukarabati wa kabureta za SU HS4: spea ni imara, ila hazikuwa za gari moja

Boksi liliandikwa "HS4, jozi", yaani ni la kabureta mbili za SU (chapa ya Kiingereza) aina ya HS4. Ndani mlikuwa na gasketi, jeti mbili (tundu linalotoa mafuta) zenye mirija yake, sindano mbili (huning'inia chini ya pistoni ya kabureta na kuingia ndani ya jeti), vali mbili za floti, shafti na mabamba ya throto, springi mbili za pistoni na dampa mbili (hutumia oili kutuliza mwendo wa pistoni). Nimeifunga kwenye kabureta pacha za MGB, gari la michezo la Kiingereza, injini ya 1798 cc. Ubora wa vyuma nauridhia kabisa: shafti ziliingia bila kuchezacheza, na gasketi zimekaa mahali pake bila kuvuja. Tatizo ni kwamba neno "HS4" linataja ukubwa wa koo tu. Ile 4 ni idadi ya nane-za-inchi zinazoongezwa juu ya inchi moja, yaani inchi 1½. Haikuambii sindano ipi, springi ipi, wala chemba (nyumba ambamo pistoni hupanda na kushuka) ya aina gani. Muuzaji aliyejaza boksi hili alichukulia kwamba HS4 zote ni sawa, na hapo ndipo kazi ya siku moja ilipogeuka ya siku tatu.

Dalili zilikuwa hivi. Injini iliwaka vizuri, ikakaa sailensa (mwendo wa chini bila kukanyaga mafuta) bila shida baada ya kurekebisha nati za jeti. Ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 3000 hivi, ilianza kumisi na kutoa moshi mweusi. Plagi za silinda 1 na 2 zilitoka nyeusi tii, za 3 na 4 zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi. Kwenye injini hii kabureta ya mbele hulisha 1 na 2, ya nyuma 3 na 4, kwa hiyo plagi zenyewe zilishaonyesha pa kutazama.

Wengi wakifika hapa huendelea kuzungusha nati ya jeti. Usifanye hivyo. Nati hupandisha au kushusha jeti nzima, kwa hiyo hubadilisha mchanganyiko wa mafuta na hewa wa mwendo wote kwa pamoja. Umbo la mchanganyiko, yaani mafuta kiasi gani yapite pistoni ikiwa chini, katikati au juu, linaamuliwa na unene wa sindano kila hatua ya urefu wake. Kabureta mbili zikilingana kwenye sailensa na kuachana ukipiga resi, shuku sindano au springi kabla ya kitu kingine chochote.

Nikazitoa sindano. Chata, yaani alama ya kuitambulisha, iko kwenye shina, sehemu inayojificha ndani ya pistoni, na herufi zake ni ndogo mno. Ifute kwa petroli, izungushe taratibu chini ya taa huku umeshika kioo cha kukuzia. Moja ilisomeka 5, nyingine MB. Zote mbili zimewahi kutumika kwenye MGB za miaka ya 1960, zote ni za jeti ya inchi 0.090, na ukizishika mkononi huoni tofauti. Maikromita ndiyo inayozitofautisha: pima kila baada ya inchi ⅛ kuanzia begani (pale shina linapoishia na sindano kuanza kuchongoka), andika vipimo vya sindano zote mbili sambamba, na utaona pale zinapoachana. Sindano mbili tofauti ndani ya pakiti moja iliyofungwa kiwandani ni kosa ambalo silisamehi.

Hapa kuna mtego mwingine unaohusu seti za aina hii. Magari ya baadaye yana sindano inayosukumwa na springi ndogo ili iegemee upande mmoja wa jeti. Ile ya zamani imekazwa imara na haitakiwi kugusa jeti hata kidogo. Kila moja ina pistoni yake, usijaribu kuzichanganya. Ya kukazwa hufungwa bega lake likiwa sawasawa na uso wa chini wa pistoni: weka rula ya chuma juu yake, isukume sindano kwa kidole mpaka bega liguse rula, ndipo ukaze skrubu ya pembeni. Kisha jeti isawazishwe katikati. Pandisha jeti juu kabisa, inua pistoni, iachie. Lazima isikike ikigonga daraja (kizingiti cha koo chenye tundu la jeti), "tak", kwa sauti ileile unayoisikia jeti ikiwa chini. Sauti ikififia jeti ikiwa juu, legeza nati kubwa ya kufungia jeti, isogeze, kaza, rudia. Mimi nilirudia mara nne upande wa mbele.

Springi zilikuwa shida ya pili, na hii haikutoka kwenye boksi. Springi mpya zote zilikuwa nyekundu, za aunsi 4½, ambazo ndizo za MGB. Ila kabureta ya mbele ilikuwa imefungwa springi ya njano, ya aunsi 8, na mara ya kwanza niliirudisha kwa sababu ilionekana nzima. Springi nzito huibana pistoni isipande inavyotakiwa, mvuto juu ya jeti unaongezeka, na mchanganyiko unakuwa mzito, yaani mafuta yanazidi hewa. Rangi hupakwa kwenye mizunguko ya mwisho tu na huondoka kwa dawa ya kusafishia. Ikiwa imefutika, simamisha springi mbili zikiwa zimegusana ncha kwa ncha, zibane kwenye jiliwa: ile dhaifu itajikunja zaidi. Zilizo sawa hujikunja sawa.

Dampa ndizo zilizonishangaza, maana watu huzidharau. Kuna chemba zenye tundu lililotobolewa kwa upande shingoni. Hizo zinatumia kifuniko cha dampa kisicho na tundu, na oili hujazwa hadi inchi ½ chini ya mdomo wa mrija wa pistoni. Zisizo na tundu hilo shingoni hutumia kifuniko chenye tundu, oili ikiwa inchi ½ juu ya mdomo huo. Seti ilikuja na vifuniko visivyo na tundu, wakati chemba zangu ni za aina ya pili. Ukifunga hivyo, hewa iliyo juu ya mrija haina pa kutokea, pistoni inapanda kwa kusitasita, na utadhani ni uchafu. Nilirudisha dampa za zamani, oili SAE 20, mambo yakawa shwari.

Chemba na pistoni usizitenganishe. Zilichongwa kwa jozi. Kama kuna shaka fundi wa awali alizichanganya, zioshe kwa petroli zikauke, toa springi, ziba matundu ya pistoni, funga dampa, geuza, shika pistoni na uiache chemba ishuke yenyewe. Kwa ukubwa huu inatakiwa ichukue sekunde 5 hadi 7. Ikishuka upesi, hewa inapita pembeni. Ikikwama, kuna uchafu au si jozi. Msasa usiguse humo kamwe.

Vali za floti kwenye seti zina pini yenye springi. Ni nzuri, ila upimaji wake unahitaji uangalifu: geuza kifuniko, acha uzito wa floti tu ukalie pini bila kuibonyeza, halafu pitisha kipande cha chuma cha inchi ⅛ kati ya mkono wa floti na kifuniko. Hadi inchi 3/16 inakubalika. Mabamba ya throto yalikuja bila vali ndogo katikati, yote mawili, na hivyo ndivyo inavyofaa. Moja likiwa nayo na jingine halina, hutapata sailensa iliyotulia.

Baada ya kupata sindano mbili za nambari 5, nilianza upya. Jeti zilipandishwa hadi usawa wa daraja, zikashushwa mizunguko miwili, yaani pande 12 za nati. Nikalinganisha uvutaji wa hewa kwanza, kisha nikainua kila pistoni kama milimita 0.8. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito. Injini ikitaka kuzima, ni mwepesi. Kupanda kidogo na kurudi ndiko kunakotakiwa. Ya mbele iliishia pande 11, ya nyuma 12, na plagi zote nne sasa zina rangi moja.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiinunua, mtumie muuzaji nambari ya kibati cha kabureta kilichofungwa kwenye skrubu ya kifuniko cha bakuli la floti, na umtake ataje chata za sindano kwa maandishi kabla hujalipa.