Zimamoto Bagamoyo: watu wapo, kikwazo ni maji

Nasimamia nyumba ya wageni yenye mabanda ya makuti, na huduma ninayoizungumzia ni zimamoto: uzimaji, ukaguzi na mafunzo. Askari nawapa nyota tano. Huduma nzima naipa tatu, na hizo mbili zilizopungua karibu zote zimeondoka na maji.

Tuanze na umbali. Gari likitoka mjini linategemewa Dunda na Magomeni, linategemewa Kiromo, Zinga, Kerege, mpaka Mapinga, zaidi ya kilomita 20 kwa barabara ya Dar. Upande wa pili kuna barabara ya Msata na watu wa Fukayosi. Makuti makavu yakishika, paa zima linakwenda kwa dakika chache. Hata dereva awe hodari namna gani, aliye mbali atafikiwa banda likiwa limeshakwisha, na kazi ya gari itakuwa kuokoa nyumba za jirani.

Sasa maji. Chukua gari lenye tenki la lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, una dakika 10. Ukifungua mipira miwili, zimebaki 5. Ndiyo maana nasikitika kila nikisikia watu wakiwazomea askari kwamba “wamekuja bila maji”. Mara nyingi walikuja nayo, yakaisha mbele ya macho yetu, na gari likalazimika kuondoka kutafuta mengine.

Wengi husema bahari si hiyo hapo? Ipo, lakini njoo wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa uone yalikokwenda. Kati ya nchi kavu na maji kuna tope na mchanga mtupu, na gari lenye tani 5 za maji mgongoni likiingia humo linazama. Pampu nayo ina mpaka wake: kufyonza kutoka chini zaidi ya mita 7 hivi ni shida, kwa sababu maji yanasukumwa juu na hewa ya nje, pampu haiyavuti kama kamba. Maji yakijaa inawezekana, ila chujio la mdomoni mwa mpira wa kufyonzea hubeba mchanga na mwani, na baada ya kazi lazima pampu isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi, isije ikaliwa.

Dawa yake ni haidranti, yaani bomba la mtaani ambalo gari la zimamoto huunga mpira na kuchota maji, na hapa ndipo muundo unapotuumiza. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ikaifanya jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Naunga mkono: mafunzo yamekuwa ya aina moja na namba ni moja, 114. Lakini mabomba yako kwa mamlaka ya maji, DAWASA, barabara za mitaa ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, vibali vya ujenzi viko halmashauri. Haidranti moja inahitaji wote hao wakae meza moja, na anayeihitaji zaidi si mwenye bomba. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini uko wilayani humu humu. Maji ya kuzimia moto mitaani tusiyakose kwa sababu ya vikao.

Wakati tunasubiri, mwenye nyumba ya wageni aangalie tenki lake. Simtenki juu ya mnara, koki ya inchi moja, haimfai zimamoto: kujaza gari hilo la lita 5,000 kutachukua zaidi ya nusu saa. Linalofaa ni tenki la chini ya ardhi, kifuniko chenye upana wa sentimita 60, mahali ambapo gari linaweza kusimama kwenye kifusi kigumu kando yake kabisa. Mpira wa kufyonzea ni mnene na mgumu, haupindi kona kama mpira wa bustani. Chujio lizame vizuri. Likichungulia juu ya maji, pampu inameza hewa na kazi inasimama. Geti nalo: upana mita 4, na yale matao ya mapambo juu yake ndiyo yanayozuia gari. Nyaya zinazoning'inia ni hivyo hivyo.

Kwenye makuti, usimwage maji juu ukadhani umezima. Makuti yamepangwa yakimbize mvua, kwa hiyo yatakimbiza na maji yako, huku moto ukitambaa chini yake kwenye fito. Weka upondo wenye kulabu, mrefu, wa kuvuta makuti chini na kukata njia ya moto, uanze upande unakoelekea upepo. Kwanza zima umeme kwenye swichi kuu na toa mitungi ya gesi.

Mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga wa kilo 6, unakwisha ndani ya nusu dakika. Ni wa moto mdogo jikoni, si wa paa. Hapa pwani unyevu hugandisha unga na chumvi hula kitako cha mtungi, kwa hiyo kila mwezi ugeuze kichwa chini, utikise, angalia mshale wa kipimo cha presha uko kwenye kijani, kisha upapase kitako kwa mkono. Kutu inayobanduka maana yake mtungi utolewe.

Ukipiga 114 taja kata, mtaa, alama inayoonekana barabarani, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Kisha mtu mmoja asimame barabarani na tochi. Mitaa ya mchanga ya kule nyuma haina vibao, na gari kubwa likikosea njia halina pa kugeuzia.

Siku ya ukaguzi usiishie kuonyesha mitungi na kupokea cheti. Waombe waje na gari, waingie getini, wafungue kifuniko cha tenki na kufyonza kweli. Askari hupenda zoezi hilo, maana nao wanajua mapema mpira unafika wapi.