Nungwi: "Dada, wewe pumua tu"

Nilienda kuzamia baharini na mtungi wa hewa kwenye kituo kimoja cha Nungwi, Zanzibar, na nimelipa hela ileile waliyolipa Waitaliano. Wao wakaelezwa vifaa kimoja kimoja, kwa lugha yao, kwa tabasamu. Zamu yangu ikafika, nikauliza hiki cha njano kinachoning'inia ubavuni ni cha nini. Mwalimu, Mswahili mwenzangu kabisa: "Dada, wewe pumua tu."

Kituo sikitaji. Kwa nje kinapendeza.

Aliyenifundisha ni kijana wa boti, ambaye nadhani hata halipwi kwa kazi hiyo. Kumbe mgongoni sikubeba oksijeni tupu, ni hewa hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa mpaka mgandamizo wa bar 200 hivi. Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, inaipunguza nguvu mara mbili, kwanza shingoni mwa mtungi, kisha mdomoni, na hapo inatoka pale tu unapovuta. Cha njano ni cha kumpa mwenzako akiishiwa. Na wakati wa kupanda usibane pumzi kamwe: hewa uliyovuta mita 10 chini inatanuka mara mbili ukifika juu, na mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo "pumua tu" ndiyo kanuni kubwa kuliko zote! Angeimalizia sentensi yake tu, nisingekuwa naandika haya.

Sasa kilichonichefua. Kabla ya kuruka nikavuta pumzi huku naangalia geji inayoonyesha hewa ya mtungi. Mshale ukashuka, ukarudi, ukashuka tena. Nikamwita mwalimu. Eti geji ya zamani hiyo, twende. Kijana akapeleka mkono kwenye koki ya mtungi, akaizungusha, ikazunguka sana tu. Haikuwa imefunguliwa vizuri! Juu ya maji usingejua, hewa inatosha. Kule chini kila pumzi inakula hewa nyingi zaidi, na ndiko ingenibania. Mwalimu akacheka. Radhi hakuomba.

Mnemba yenyewe, kisiwa tulikozamia, sitaki kusema uongo, ni pazuri mno. Kasa alinipita karibu bila haraka wala wasiwasi, na kwa muda ule nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kusamehe yote. Nikapanda botini nikamkuta mwalimu anawasimulia wageni jinsi wanawake wa bara walivyo waoga wa maji.

Nyota moja. Haya, mbili, lakini ya pili ni ya kijana wa boti, mwalimu asiiguse.