Bustani ya Jeevanjee, Nairobi: hapa hapalipiwi

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vipaza sauti, nitaeleza mbele.

Nilifika Jeevanjee mara ya kwanza mwaka 2011, siku zile nikitarmac. Asubuhi naingia mjini na bahasha ya kaki, napanda na kushuka ngazi za majengo ya Moi Avenue nikiacha barua za kuomba kazi, na ikigonga saa saba mchana miguu si yangu tena. Nauli ya kurudi ninayo, hela ya chakula sina. Ukiwa katika hali hiyo ndipo unapogundua kwamba Nairobi haina pa kukaa. Mkahawani mhudumu anakusimamia kichwani mpaka uagize. Kwenye ngazi za duka bawabu anakuinua. Nawe ukisimama mahali pamoja kitambo kirefu, watu wanaanza kukumbatia mikoba yao.

Siku hiyo nilifuata kivuli tu. Niliona miti mirefu katikati ya maghorofa, nikapita langoni nikiwa na wasiwasi kwamba nitaulizwa tiketi. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga viatu rangi alijisogeza kwenye benchi, akalipangusa kwa kitambaa chake, akasema, "Keti, kijana. Hapa hapalipiwi." Nililala usingizi wa saa nzima, bahasha chini ya kichwa.

Tangu hapo nimekuwa mteja, kama mtu anaweza kuwa mteja wa kitu cha bure. Kazi nilipata, tena si mbali, kwa hiyo karibu kila mchana mimi huja na njugu zangu za shilingi ishirini. Eneo lenyewe ni kama ekari 5 hivi, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu, lakini ukikaa sana unajua kwamba bustani hii ina saa zake. Asubuhi ni ya wasoma magazeti na wanaosubiri ofisi zifunguliwe. Mchana ni ya wahubiri. Alasiri jua likipoa huja wapenzi, wanafunzi, na wapiga picha wenye kamera shingoni watakaokuambia kwamba leo umependeza. (Kubaliana bei kabla hujatabasamu. Mimi mmoja alinipiga picha tatu nikiwa nimeomba moja, akanidai za zote.)

Halafu kuna Bunge la Mwananchi. Kama hujawahi kulishuhudia, tenga alasiri moja. Ni watu wa kawaida wanaojadili mambo ya nchi kwenye mabenchi chini ya miti, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1990, enzi ambayo kutaja siasa hadharani kulikuwa na gharama yake. Nimewahi kukuta hoja ya bei ya unga imeanza kwa utulivu, ikapitia deni la taifa, ikapanda mpaka mipaka ya enzi za ukoloni, ikarudi kwenye unga. Jamaa mmoja wa mkokoteni alizungumza kuhusu ushuru kwa mpangilio ambao sijausikia kwa wabunge wa mshahara. Ukitaka kuchangia, changia, ila jiandae: hapa hakuna anayekuheshimu kwa tai uliyofunga.

Sasa hao wahubiri. Mmoja akihubiri kwa koo lake mwenyewe, sina neno, ni desturi ya mahali. Lakini siku hizi kila mtu na kipaza sauti chake, na nimewahi kukaa katikati ya watatu, wa kulia akiita moto, wa kushoto akiita baraka, wa nyuma akiomba sadaka. Ndiyo nyota yangu ilipopotelea.

Jambo lililonifanya niandike haya yote ni mama. Alikuja kutoka kijijini mwaka jana kuonwa macho, tukamaliza mapema, nikamleta hapa tupumzike kabla ya kutafuta matatu. Alikaa ukingoni mwa benchi kama aliyekaa kwenye kochi la mwenyewe. Alitazama miti, akatazama maghorofa, akaniuliza, "Shamba hili ni la nani?"

Nikamwambia lilikuwa la Mhindi mmoja, Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyepata utajiri kwa kandarasi za reli ya Uganda. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka 7 tu baadaye, mwaka 1906, mji ukiwa bado vumbi na mabati, yeye akatengeneza bustani na kuwapa wakazi.

"Kwa nini?"

Hapo nilikwama kidogo. Jeevanjee ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard, na ndiye Mhindi wa kwanza kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa peke yake kati ya Wazungu. Wakati huohuo watu wake walikuwa wakizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu, ambazo walowezi walitaka ziwe zao peke yao. Ndani ya bustani aliweka sanamu ya Malkia Victoria, na aliyeizindua ni mwana wa malkia mwenyewe, Duke of Connaught. Wengine huona hapo kujipendekeza kwa mkoloni. Mimi naona mtu aliyekuwa akiwaambia walowezi, malkia mnayemtaja ndiye huyu, na sisi pia tuko chini yake, kwa hiyo mtutendee sawa. Haikumsaidia sana. Alifariki mwaka 1936, utajiri wake mwingi ukiwa umeyeyuka.

Hiyo sanamu niliikuta. Ilikuwa ndogo kuliko unavyodhania ukisikia neno malkia, na kwetu ilikuwa alama ya kukutania tu: "Nipate kwa Malkia saa kumi." Mwaka 2015 watu wasiojulikana waliiangusha na kuikata kichwa. Sikuililia, wala sikushangilia. Lakini rafiki zangu wawili mpaka leo huniambia tukutane kwa Malkia, nami huenda moja kwa moja pale pale aliposimama.

Mama hakujali habari za sanamu. Swali lake lilikuwa la mtu anayejua mashamba. "Na watoto wa huyo Mhindi hawajaja kulidai?"

Nikamwambia mjukuu alikuja. Mwaka 1991 ulitoka mpango wa kujenga hapa jengo la maegesho ya magari, na Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama kuupinga hadharani. Haikuwa enzi nyepesi ya kubishana na wakubwa. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa ametukanwa vya kutosha kwa kupinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, bustani nyingine ya hapa mjini. Lakini mjukuu hakunyamaza, watu wakamuunga mkono, na magari yakatafutiwa pengine.

"Kumbe alikuja kudai lisichukuliwe," mama akasema.

Kwa atakayekuja: njoo kabla ya saa sita kama unataka benchi lenye kivuli, maana baadaye utagombea. Simu iwe mfuko wa mbele. Viatu ving'arishwe hapa hapa, wazee wa brashi wanajua kazi na watakupa habari za mji bila malipo ya ziada. Ukiwa na mtoto, mwache akimbie, lakini usimwondolee macho upande wa Moi Avenue. Siku ya mvua usijisumbue, miti hii ni mizuri kwa jua tu. Na kama una simu ya maana ya kupiga, ya kuomba kazi hasa, usiipigie hapa mchana. Yule wa moto atakuingilia.

Tulipoinuka kwenda stejini, nilimwona mama amebaki nyuma, anafungua fundo la leso alilowekea pesa zake, anaangaza macho kushoto na kulia. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Namtafuta wa kumlipa," akasema. "Tumekaa saa mbili."