Maiki ya video: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti inayotoka kama kisimani humfukuza mapema. Hata hivyo, ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue utaona watu wanamaliza pesa kwenye kamera na taa, maiki inanunuliwa kwa chenji.

Nimezipanga hapa kwa kipimo kimoja: kwa pesa unayotoa, maiki itakaa karibu kiasi gani na mdomo wa msemaji? Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti yake hushuka kwa desibeli 6 hivi, ila mwangwi wa chumba na kelele za feni hubaki palepale.

1. Maiki ya waya ya kubana nguoni

Hii ndiyo ya kwanza, na sioni inayoikaribia kwa bei yake. Mfano unaopatikana kirahisi ni Boya BY-M1. Waya wake una mita 6, kwa hiyo simu inakaa mbali na msemaji hata kama anatembeatembea kidogo. Ina swichi ndogo: upande wa simu haihitaji betri, upande wa kamera inatumia betri ya duara, LR44. Ukiisahau upande wa kamera betri itaisha ikiwa mkobani, basi weka ya akiba.

Dukani angalia pini. Yenye mistari mitatu inaelewana na simu, na BY-M1 ni ya aina hiyo. Maiki nyingi za kamera zina mistari miwili, na ukiichomeka hiyo kwenye simu, simu itaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuambia lolote. Kama simu yako haina tundu la earphone utahitaji adapta, nayo uijaribu papo hapo, maana zipo zinazopitisha muziki tu. Rekodi nusu dakika huku unautikisatikisa waya pale unapoingilia kwenye pini, kisha usikilize. Ikikwaruza, mrudishie muuzaji. Nakala bandia ni nyingi, na boksi zuri si ushahidi.

Ukiibana, iache shibiri moja chini ya kidevu. Kwa mama aliyevaa mtandio au buibui, ibane juu ya kitambaa. Ukiificha ndani utarekodi nguo inavyosuguana.

2. Maiki zisizo na waya

Kwa MC, mpishi, au mahojiano ya watu wawili waliosimama, hizi ndizo. DJI Mic Mini na Hollyland Lark M2 ni nyepesi mno, hazivuti nguo. Rode Wireless GO II ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa dola 299 huko Marekani. Ni pesa, lakini kila kifaa cha kuvaa hurekodi chenyewe ndani, kwa hiyo mawasiliano yakikatika sauti haipotei. DJI Mic 2 nayo inarekodi ndani, tena kwa biti 32 za float, yaani mfumo unaobeba sauti ndogo na kubwa mno kwa pamoja: mgeni akipiga kelele ghafla, unaishusha baadaye bila kupasuka. Mic Mini na Lark M2 hazina hifadhi hiyo ya ndani.

Mwili wa mtu huzuia mawimbi. Msemaji akikugeuzia mgongo na kifaa kiko kifuani, sauti inaweza kukatika hata kama boksi limeandikwa mamia ya mita.

3. Kinasa sauti cha pembeni

Zoom H1essential ya mwaka 2024 nayo inarekodi kwa biti 32 za float. Chomeka maiki ya nguoni, mtie bwana harusi kinasa mfukoni, mambo yamekwisha. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili ulinganishe picha na sauti wakati wa kuhariri. Ni kazi ya ziada, ndiyo maana imeshika namba tatu.

4. Maiki ya juu ya kamera

Watu wengi huanzia hapa, nami ningeanzia popote pengine. Rode VideoMicro ni nzuri, ila ikikaa mita tatu kutoka kwa msemaji itakuletea chumba kizima. Itoe kwenye kamera, uifunge kwenye fimbo ndefu juu ya kichwa chake, nje kidogo ya picha.

5. Zile zisizo na jina, za kuchomeka chini ya simu

Kwa tangazo la viatu sokoni zitatosha. Kwa kazi ya kulipwa, hapana: nyingi hupunguza kelele kwa kuyala na maneno.

Ukibakiwa na chochote, nunua earphone za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti. Sikiliza wakati unarekodi. Mngurumo wa friji utausikia mgeni akiwa bado kwenye kiti.