Nimenunua gemu ya kanda Kariakoo, bunduki imegoma kupiga bata

Nimelipa shilingi 45,000 kwa mashine ya gemu za kanda, zile za kuchomeka kwenye TV: pedi mbili za waya, bunduki ya plastiki, kanda moja ya njano na adapta. Muuzaji aliniapia, "Bosi, hii ndiyo ile ile ya zamani." Hakunidanganya, na shida yangu ilianzia hapo hapo.

Kwa waliozaliwa juzi: Famicom ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1983. Mtaani kwetu Dar hatukuiona. Miaka ya tisini tuliona kopi zake, zenye majina chungu nzima, na nyumba iliyokuwa nayo ilijaa watoto kama nyumba yenye kisima. Tulicheza kwa zamu, ukifa unampisha mwenzako, isipokuwa mtoto wa mwenye nyumba, ambaye hakufa kamwe.

Kanda imeandikwa gemu 9,999,999. Za kweli nimehesabu, hazifiki thelathini. Nyingine ni zile zile zinarudi kwa jina jipya, mara Mario anaanzia steji ya mbele, mara anaruka juu kuliko kawaida. Sikulalamika, hata utotoni tulipigwa hivyo hivyo. Picha ilikuja na chenga. Nikachomoa kanda, nikaipuliza, nikarudisha, ikawaka safi. Kupuliza kwenyewe hakusaidii, kinachosaidia ni ile kuchomoa na kuchomeka upya, na mate yanaharibu vyuma vya kanda. Najua. Nimepuliza.

Pedi ni nyepesi mno. Gemu ya Contra ina siri yake: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, unapewa roho 30 badala ya 3. Vidole vyangu havijaisahau, ila kitufe cha kushoto mpaka ukikandamize ndipo kiitike, kwa hiyo ilikubali mara ya saba.

Sasa bunduki, maana hasa nilichofuata ni gemu ya kuwinda bata. Bata wanaruka, nafyatua, hakuna kitu. Risasi tatu zinaisha, mbwa anachomoza kwenye majani na kucheka. Tulichekwa nyumba nzima usiku ule, na mama watoto akaanza kumcheka mbwa anavyonicheka. Kesho yake nikairudisha nikijua nimeuziwa mbovu. Muuzaji hakubishana, aliichomeka kwenye chogo dogo, TV nene ya zamani, analojaribia vitu, bata wakaanguka kama maembe.

Kumbe bunduki ile haitoi chochote, ndani ina jicho la kuona mwanga. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Jicho likiuona ule weupe kwa wakati wake, umepata. Chogo linatoa picha papo hapo. Flati, TV nyembamba kama yangu, inaichakata kwanza, na ucheleweshaji mdogo tu unatosha kukukosesha. Nimepekua mipangilio yote ya rimoti, hakuna iliyosaidia. Utotoni tulikuwa tunabandika mdomo wa bunduki kwenye kioo ili tusikose. Kwenye flati hata hiyo haifui dafu.

Kwa hiyo kama huna chogo, nunua isiyo na bunduki, ni nafuu na hutajisumbua. Letu lilitoka sebuleni mara baada ya matangazo ya TV ya analojia kuzimwa Dar, usiku wa Desemba 31, 2012, ingawa chogo na king'amuzi vinaelewana vizuri tu. Haraka za ujana. Lililobaki ni la mama yangu, Tabata, limefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe na juu yake maua ya plastiki.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuazima TV."

"Marahaba. TV haitoki. Mtachezea hapa hapa, na kitambaa mkirudishe."

Basi mashine imehamia Tabata. Mwanangu ana miaka tisa, bata wa kwanza alimpiga kwa risasi ya pili na kuuliza kama mbwa naye anapigika. Hapigiki, nilimaliza utoto wangu najaribu. Adapta nimeshabadilisha, ile ya kwenye boksi ilikuwa inachemka baada ya nusu saa na kutoa harufu.