Kupiga picha za chui milia India: kifurushi nilicholipia, kizuri na kibaya chake

Nilinunua kifurushi cha safari ya picha kwa wakala mmoja wa India ambaye simtaji hapa: mbuga za Tadoba, Pench, Kanha, kisha Ranthambore mwishoni. Sehemu tatu za kwanza ningelipia tena kesho. Ranthambore ningeipanga mwenyewe.

Ukiwa umezoea Maasai Mara, elewa jambo moja kabla hujatoa hata shilingi. India huuziwi mbuga. Unauziwa kiti kwenye lango fulani, asubuhi au alasiri, kwa jina lililo kwenye pasipoti yako. Kibali kikisema Mukki, lango mojawapo la Kanha, utaingia Mukki, hata kama chui wote wa Kanha wameamua kuota jua upande wa Kisli. Langoni wanataka pasipoti yenyewe. Mwongozaji wa idara ya misitu mnapangiwa papo hapo kwa zamu, kwa hiyo mtaalamu wa picha uliyeahidiwa na wakala anabaki kuwa abiria mwenzako. Muda ukiisha gari linatoka, hata chui awe ndiyo kwanza anaamka. Hapo ndipo wakala wangu alipostahili pesa yake: vibali vya Tadoba na Kanha alivikata miezi kadhaa mapema, na gari zima tukapewa mimi na binamu yangu tu.

Gari ni Gypsy, jipu ndogo iliyo wazi juu, tofauti na Landcruiser za kwetu zenye paa la kuinua na mahali pa kuegemeza lenzi. Nilibeba kifuko kitupu cha kuegemeza lenzi kutoka Nairobi nikakijaza mchele mjini Nagpur, lakini kilifaa pale tu injini ilipozimwa na kila mtu akatulia. Mmoja akigeuka, gari zima linatikisika. Njia za msituni ni nyembamba, na chui milia wa Tadoba hupenda kutembea katikati ya barabara. Akikujia uso kwa uso, lenzi ya 600, ile ya kuvuta vya mbali, inakupa pua na jicho moja. Binamu yangu na lenzi yake fupi ya 70-200, kuukuu, alipata picha nzuri kuliko zangu zote za Tadoba, na hajaacha kunikumbusha.

Kanha ndiyo iliyonikosha. Januari asubuhi ni baridi ya kukatisha vidole. Loji hukupa blanketi na chupa ya maji ya moto uiweke mapajani. Chini ya miti ya sal kiza hakiondoki haraka, kwa hiyo saa ya kwanza ni kupandisha usikivu wa kamera kwa mwanga hadi ISO 6400 au hakuna picha. Madereva hawaitani kwa redio, wanasikiliza. Siku moja tumbili aina ya langur alikohoa juu ya mti, na chital, kulungu wa madoadoa, waliokuwa wakila chini yake wakainua vichwa kwa pamoja, wote wakitazama kichaka kimoja cha mianzi. Mmoja akapiga kwato chini, mkia juu. Dereva akazima gari, akanionyesha kwa kidevu. Tulikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, kisha chui milia jike akatoka bila haraka, akapita mbele yetu, akaingia upande wa pili. Picha zilizotulia ni chache.

Siku nyingine hatukuona hata unyayo. Sensa ya 2022 ilikadiria chui milia 3,682 India nzima, 785 kati yao jimbo la Madhya Pradesh, iliko Kanha, lakini msitu ni mnene na wewe una njia moja tu. Siku hizo piga picha za barasingha, aina ya kulungu, kwenye mbuga za nyasi za Kanha. Mwaka 1970 walikuwa wamebaki 66 tu pale, na kwenye ukungu hakuna kulungu mwenye pembe za kupendeza kama wao.

Kutoka Kenya beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, la sivyo utawekwa karantini. Droni iache nyumbani. Ndege za ndani hupima mzigo wa mkononi, kilo 7, na begi la kamera halihurumiwi. Kanha hufungwa Jumatano alasiri, Tadoba Jumanne, na kanda za ndani hufungwa msimu wa mvua, Julai hadi Septemba. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, ila ndipo chui hukaa majini.

Sasa Ranthambore. Tuliahidiwa Gypsy kanda ya 3, penye maziwa na magofu. Tukapakiwa kwenye canter, lori la wazi la viti 20, kanda nyingine, nikipiga picha kati ya kofia za watu. Wakala akasema vibali viliisha. Sawa, lakini pesa ya tofauti mpaka leo sijaiona. Ukimtumia wakala yeyote, mwambie akutumie nakala ya kibali inayoonyesha kanda na aina ya gari kabla hujamaliza malipo. Akianza maneno mengi, tafuta mwingine.